Wali wa Kunata wa Mkamwana Wangu

Nimelisha wazazi watano, wanawake waliotoka kujifungua, katika nyumba hii na hakuna aliyetoka kwangu amekonda. Nasema bila aibu kwa sababu ni kweli. Kwetu huku Marangu mwanamke akijifungua hafanyi kazi miezi mitatu. Hata jikoni haingii. Mama mkwe ndiye anayempikia: mtori wa ndizi, supu ya nyama, mlaso, yaani damu iliyopikwa na maziwa na mafuta. Anakula, ananyonyesha, analala. Siku akitoka nje, watu hawamtazami mtoto kwanza. Wanatazama mashavu ya mama yake, halafu wanamgeukia mama mkwe. Mashavu yakiwa yamebonyea, mwenye kosa anajulikana.

Wa sita alikuwa Mthailandi.

Mwanangu wa mwisho alikwenda huko kujifunza kukata mawe ya vito, akarudi na mke. Sikumkataa. Mimi shule niliishia darasa la tatu. Nilibeba ndizi kichwani kuteremka Himo mpaka nikafungua hoteli yangu ya kulisha madereva wa malori, na nyumba hii ya matofali imesimama kwa wali na maharage. Mtu anayekula jasho lake haogopi mgeni. Nilichokuja kukiogopa ni sahani yake, maana ilikuwa inarudi kama ilivyokwenda.

"Asante Mama," anasema, na kijiko hakijalowa.

Wiki ya tatu mtoto akaanza kulia kila saa. Anavuta ziwa, analiachia, analia. Mwanangu akaja kukaa karibu yangu, anasugua magoti.

"Mama, anaomba nimpeleke kwa mama yake."

"Na mtoto?"

"Na mtoto."

Nitasema ukweli: kwanza niliwaza watu watasema nini, ndipo nikamwaza mjukuu. Mungu anisamehe kwa kupanga hivyo.

"Anataka kula nini? Sema, hata kama ni nyama ya kiboko nitaitafuta."

"Wali, Mama. Wali mtamu wa tui, wanakula na embe."

Nikacheka. Wali! Madereva walikuwa wanapita hoteli tatu kuja kula wali wangu, punje moja haijui habari za mwenzake. Na nazi naijua, alinifundisha mwanamke mmoja wa Majengo nilipopanga chumba kwake nikiwa msichana. Nikapika siku hiyo hiyo, nikamwagia tui lenye sukari, nikampelekea mwenyewe. Akachukua kidogo kwa vidole, akabonyeza. Wali ukamwagika kwenye kanga yake. Akatazama vidole, akanitazama.

"Asante Mama."

Anataka unate? Haya. Kesho yake nikaongeza maji, nikausonga kwa mwiko mpaka ukawa bokoboko. Hotelini kwangu ningemfukuza mpishi kwa chungu kile. Akalamba mara moja.

"Mama," mwanangu akasema, "huo si mchele wake. Wana mchele wao."

"Mchele ni mchele."

"Siyo, Mama."

Akapiga simu Dar, ukaletwa na basi mfuko mmoja. Punje nene, nyeupe kama maziwa, hazipitishi mwanga. Mwanangu akasimama jikoni ananisomea kwenye simu: uloweke kutwa, usiuchemshe, uupike kwa mvuke.

"Kutwa? Ni maharage?" Nikauloweka saa moja, inatosha. Lakini kupika wali bila kuutia maji, hapo tulibishana mpaka sauti zikafika uani.

Ndipo mkamwana wangu akatokea mlangoni pa jikoni, mtoto begani.

"Rudi kitandani!" nikamwambia. "Mwambie arudi."

Hakurudi. Alimpa mumewe mtoto, akachukua punje moja ya mchele akaing'ata, akatikisa kichwa. Akaurudisha mchele wote kwenye maji, akanionyesha dirisha, akazungusha kidole: jua lizunguke mpaka lirudi hapa. Kisha akarudi kulala.

Kesho yake alikuja tena, hakuomba ruhusa, akavuta kigoda akakaa. Tulikuwa tumeanza kuchuja mchele wifi yangu alipoingia. Wifi huyu ni dada wa marehemu mume wangu, na macho yake hayajawahi kupitwa na kitu.

"Wifi! Mzazi jikoni? Umeishiwa mikono?"

Niliona haya, sikatai. Nikataka kumwinua yule binti nimrudishe ndani. Nikamtazama usoni kwanza. Tangu ajifungue nilikuwa naona mtu anayelazwa na kulishwa kama mgonjwa. Pale kwenye kigoda alikuwa mtu mwenye kazi yake.

"Wifi," nikasema, "kama umekuja kusaidia, nazi ile pale na mbuzi ya kukunia ile pale. Kama umekuja kukagua, pita uani."

Akakaa, ananung'unika. "Mimi leo nakuna nazi ya Wachina."

"Si Mchina. Na nazi ni ya Tanga."

Mkamwana akatandika kitambaa ndani ya kung'uto langu la kuchujia tui, akamwaga mchele, akaweka juu ya sufuria ya maji yanayochemka, maji yasiuguse, akafunika. Nilikaa nangoja aaibike. Alipofunua, punje zilikuwa zimeng'aa, zimeshikana, na bado kila moja unaiona.

Tui zito likawekwa motoni na sukari. Halafu nikamwona anachota chumvi. Chumvi kwenye kitu cha sukari! Nikamshika mkono. Akanipiga kofi mkononi, dogo, pa!

Wifi akaangusha kifuu.

Jikoni kwangu Himo nimepiga mikono mingi iliyotaka kuniharibia chungu. Wangu hakuna aliyewahi kuupiga. Na mimi nilikuwa napiga pale tu nilipokuwa na hakika. Nikamwachia. Akatia chumvi yake, akamwaga tui juu ya wali ungali wa moto, akafunika, akaninyooshea kiganja: ngoja.

Tukangoja, wanawake watatu, hakuna wa kumsema mwenzake. Wifi ndiye aliyemenya embe.

Alikula kwa mkono. Anabonyeza tonge, linakaa, anakula, anabonyeza lingine. Nilikuwa nahesabu matonge, nikaacha. Katikati akapigapiga sakafu karibu yake.

"Mama. Keti."

Nikaketi. Mzazi akanipa mimi tonge. Utamu ulikuja kwanza, chumvi ikaja nyuma yake, na nazi ikabaki mdomoni.

"Tamu?"

"Chumvi imezidi," nikasema.

Hakuelewa maneno, uso wangu aliuelewa. Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza nasikia anavyocheka, ni kicheko kikubwa kuliko mwili wake.

Tangu siku hiyo alikuwa jikoni kila asubuhi. Kazi sikumpa, alikaa kwenye kigoda, ananyonyesha, ananitazama. Siku ya pili akaonja mtori, akatia pilipili, akamaliza bakuli. Siku ya nne kanga yake ikalowa maziwa kabla mtoto hajaamka. Majirani walisema walichosema. Nikasema waje waone, na wengine walikuja, wakala.

Jumapili moja mwanangu alikuwa anaongea naye kwa lugha yao, akanigeukia.

"Mama, anasema nimwambie mama yake asimtarajie sasa."

"Amesema mwenyewe?"

"Amesema kazi ya hapa hajaimaliza."

Watu husema nilimlisha nikamponya. Wanakosea. Wazazi watano waliomtangulia walikula kila nilichowapa, na hakuna aliyeniambia kama alikipenda. Namshukuru Mungu kwa huyu aliyekataa. Jumapili ile nilitoka kwenda mgombani kumkatia mkamwana majani mapya ya kutandika kwenye kung'uto, maana alikuwa amenionyesha kwamba kitambaa kinabakiza harufu ya sabuni.