Nilikula Mayai ya Chuoni Huku Shangazi Akimwita Mwanawe

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana Korogwe tunajuana. Mimi ni babu wa miaka sabini na sita, mzaliwa wa Misima, Handeni. Shule niliishia darasa la nne, lakini msinidharau: nimeendesha trekta la kijiji cha Ujamaa, nimefika hadi Mombasa, na kwa maneno hakuna aliyewahi kunishinda. Mdomo huo ndio ulioniponza.

Enzi hizo binamu yangu, mtoto wa shangazi yangu wa Mnyuzi, alikuwa anasoma chuo kikuu Dar. Shangazi akaugua, akawa anamwita yeye tu. Dada yake binamu, ndiye aliyekuwa anamuuguza, akanipandisha treni: "Kaka, mwambie ndugu yangu kwamba mama hana siku nyingi. Mje wote."

Nikamkuta bwenini. "Habari za nyumbani?" Nikajibu, "Nzuri." Kwetu ndivyo, habari mbaya haisemwi mlangoni, kwanza mtu ale. Akanipeleka bwaloni. Jamani! Mayai, mkate una siagi, na vijana wenye nywele kama vichuguu wanabishana habari za wakulima, mikono laini kama ya bibi harusi. Nikachomekea: "Ndugu zangu, ngiri mnamjua? Njooni Handeni mjadiliane naye shambani." Wakavunjika mbavu. "Mkulima halisi huyu! Kesho lazima atuhutubie!" Binamu akanishika bega, anawatangazia, "Huyu damu yangu." Miaka yote yeye ndiye alikuwa wa kusifiwa. Siku ile na mimi nilikuwa mtu. Nikajiambia, nitamwambia kesho nikishahutubia.

Kesho yake nikahutubia, makofi mpaka viti vikatikisika. Nikiwa bado napewa mikono, ikaletwa simu ya maandishi kutoka posta: mama amefariki. Binamu akanigeukia. "Ulimwachaje mama?"

Nikasema, "Mzima kabisa. Alikuwa anapepeta mahindi."

Mungu anisamehe. Msibani dada yake akanivuta pembeni, akaniuliza mbona hamkuja mama angali hai. Nikamjibu, "Alikuwa na mitihani."

Basi. Dada anaamini kaka alithamini mitihani kuliko mama. Kaka anaamini dada alituficha sote, mimi na yeye, ugonjwa wa mama. Hawajasemezana tangu hapo, na mimi ndiye nimejifanya msuluhishi. Kila Idi napeleka nyama kwa huyu, vichekesho kwa yule, nao wananishukuru!

Sasa dada yuko kitandani Mnyuzi. Juzi kaniambia, "Kaka, nikifa, yule asiguse jeneza langu." Nikatoka uani nikalia kama mtoto mdogo, mimi na mvi zangu.

Nikisema ukweli nitawapoteza wote wawili, na sina ndugu wengine waliobaki. Nikinyamaza, ataondoka na chuki niliyompa mimi. Wanangu, nishaurini: nimwite kaka mtu aje niwaambie wote pale kitandani, au nimwache dada aende hivyo hivyo? Jibuni leo. Hata uji ameanza kuukataa.