Darsa ya Alkhamis

Mashine ya video ikimeza kanda hutoa mlio wa mtu anayemeza mate kwa woga, halafu huguna, halafu huanza kunuka vumbi lililopata moto. Nyinyi mliokua na vidude vya kugusa kwa kidole hamuujui mlio huo, na wala sikulaumuni. Mimi niliusikia tena juzi, hapa hapa Maskati, kaka yangu Seif alipoitoa stoo mashine yake kongwe na kuichomeka umeme kuona kama bado i hai. Watoto wake waliizunguka wakiicheka. Mimi nilisimama mlangoni, na shaka ile ya utotoni ikanirudia, kwamba humu ndani pana jambo tunafichwa.

Nikwambieni ukweli, mimi nilizaliwa na shaka. Nikipewa halwa huuliza kwa nini. Nikikuta watu wazima wamenyamaza ghafla, siondoki mpaka nijue walikuwa wakisema nini. Bibi, mama yake baba, akiniita "siaidii", yaani mpelelezi wa polisi, na alikuwa akiniita hivyo mbele ya wageni bila ya haya. "Huyu siaidii wangu," akisema, "mfichieni siri zenu, mie zangu keshazimaliza."

Tulikuwa tukikaa Ansab, hapa hapa Maskati, nyumba ya watu waliotoka Unguja, Kiswahili ndani na Kiarabu skuli. Seif alikuwa mkubwa wetu, mimi kitinda mimba, na baina yetu miaka mingi na wazazi waliochoka. Alikuwa na kazi wizarani, kanzu yake haina kunjo hata moja, na mwaka huo alikuwa ameposa. Msichana mwenyewe akiitwa Zuwena, binti wa Mzee Mbarak, na Seif alikuwa akimpenda mpaka chakula hakimpiti. Mama akimsogezea sahani ya pilau, yeye akiichokora tu kwa kidole. Jawabu ilikuwa haijatoka, kwani kwetu jawabu ya posa haitoki mpaka kijana aulizwe: kazini, kwa majirani, na hasa msikitini.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa neno moja tu.

Seif alikuwa na ada yake. Kila Alkhamis akishasali alasiri hutia kofia, hujipaka mafuta mazuri, hupanda gari na kwenda Mawaleh kwa rafiki yake Khalfan, karibu na soko la mboga. Bibi alimuuliza mara moja, "Unakwenda wapi, baba, kila wiki?" Seif akajibu huku anavaa viatu, "Darasani, bibi." Masikio ya Bibi yalikuwa yameshazeeka, na moyo wake ulikuwa ukisikia unachokitaka, somo la dini msikitini. "Darsani! Mashaallah, mashaallah!" Akainua mikono akamwombea dua hapo hapo. Seif alisita kidogo, akafungua mdomo, akaufunga. Mtu gani atamkatiza bibi yake katikati ya dua? Akajitia hamnazo, akenda zake.

Basi Bibi alilitangaza. Hapana harusi wala khitma aliyokaa asilitaje. "Seif wangu? Hana makuu yule. Vijana wa leo wako baharini wanaota jua, yeye yuko darsani." Na waliokuja kuuliza kwa ajili ya Zuwena, wa mwanzo kupata habari hiyo walikuwa wao.

Mimi nilikuwa siamini hata chembe. Mtu gani anatoka darsani sauti imemkauka kwa kupiga kelele? Darsa gani haina kitabu? Nilitega sikio alipokuwa akizungumza kwenye simu ya ukumbini, nikamsikia akisema kwa huzuni ya kweli kweli, "Lile darasa halitatokea tena, Khalfan. Waliitwa wote siku moja, na kila mmoja akaja kuwa mtu." Nilipomuuliza nani hao walioitwa, alinitazama akacheka, akanipa peremende. Peremende! Hapo ndipo shaka yangu ilipokuwa yakini.

Kumbe sikuwa peke yangu. Mzee Mbarak naye alikuwa mtu wa kushuku. Mwanamume yule akinunua tikiti maji hulipiga, hulinusa, na hata akishalikata huzikagua mbegu. Aliposikia habari ya darsa alifurahi, kisha akafikiri, kisha akenda mwenyewe Mawaleh kumuuliza imamu. Imamu akamwambia, "Alkhamis alasiri? Hapa hatuna darsa." Akajaribu msikiti wa pili. Huko nako hapakuwa na darsa.

Alkhamis moja alikuja kwetu. Mimi na Baba tulikuwa tumo garini tayari, tunakwenda sokoni kumnunulia Mama vitunguu. Mzee Mbarak alisimama kwenye dirisha la Baba, akatoa salamu, akasema taratibu, "Bwana Hamed, mwanao anakwenda darsa isiyojulikana na msikiti wowote. Vijana kadhaa, chumba kimoja, mapazia yameshushwa. Mie nna binti mmoja tu. Niambie, wewe unaijua darsa hiyo?"

Nilimwona Baba usoni kwenye kioo cha kutazamia nyuma. Baba yangu alikuwa mpole, mtu wa kujikohoza kabla ya kusema. Siku ile hakukohoa. Rangi ilimtoka. Alisema, "Panda," na Mzee Mbarak akapanda, na hapana aliyekumbuka kwamba mimi nimo nyuma. Nami nikanyamaza kimya, maana nilijua nikipumua tu nitateremshwa.

Tukashika njia ya Mawaleh. Mzee Mbarak alisema, "Ikiwa ni mambo ya hatari, ya kuipinga serikali, posa hii basi tena. Nisamehe." Baba alijibu, "Ikiwa ni mambo ya hatari, posa ndiyo dogo lake." Nilimwona Seif wangu hana mke, hana kazi, na sijui nini tena, na nilikuwa nampenda, ingawa alinihonga peremende.

Kwa Khalfan palikuwa na chumba cha wageni chenye mlango wake wa nje. Makubadhi yalikuwa yametapakaa kizingitini. Mapazia kweli yalikuwa yameshushwa. Tulisimama pale kwenye jua, na kutoka ndani tukasikia sauti ya mwanamume, nzito, ya kiserikali, inasoma jina. Halafu vijana wote kwa pamoja, "Allahu akbar!" Mzee Mbarak akamgeukia Baba. "Umesikia?" Baba alikuwa ameshanyanyua mkono kugonga, na mkono ukabaki hewani. Mzee Mbarak ndiye aliyeusukuma mlango.

Ndani palikuwa na baridi ya kiyoyozi, harufu ya kachori na ya mashine iliyopata moto. Vijana walikuwa wamekaa chini kwenye zulia, Seif katikati, na mbele yao televisheni. Wote walisimama kwa mpigo mmoja. "Baba! Ami!" Seif alisema, na kachori ikamdondoka kwenye kanzu.

Ikabidi aeleze, na alieleza huku jasho linamtoka pamoja na baridi yote ile. Kwamba huko Marekani, kila mwaka, timu za mpira wa kikapu za kulipwa hukutana kuchagua vijana wapya, na vijana wa mwaka mmoja huitwa darasa. Kwamba hili lilikuwa darasa la katikati ya miaka ya tisini, lisilo na mfano wake. Kwamba binamu wa Khalfan aliyekuwa akisoma huko ndiye aliyeirekodi kanda, na mashine ya hapa kwa Khalfan ndiyo pekee iliyokubali kanda za Kimarekani. "Na mimi, ami, nilimwambia Bibi darasani. Wallahi nilisema darasani."

Mzee Mbarak alimtazama kama alitazamavyo tikiti. Kisha akakaa, akavuta mto. "Washa," alisema. "Nione."

Kwenye kioo walikuwepo vijana warefu ajabu, wamevaa suti zinazowapwaya, wamekaa mezani na mama zao. "Hawa maarusi?" Mzee Mbarak aliuliza. Hapana aliyethubutu kucheka. "Nani anaanza kuchagua?" Khalfan akamwambia zinaanza timu zilizoshika mkia. "Alaa! Aliyeshindwa ndiye anatangulia? Hapo pana ujanja." Wakamhakikishia hapana. Akauliza nani kasimamia, na nani kamsimamia msimamizi. Nilimpenda yule mzee tangu saa ile.

Wale vijana nao wakasahau woga, wakaanza kusimulia wote kwa pamoja. Huyu alikuja kuwa hivi, yule watu walimdharau wakajuta, na huyu hapa, ami, mtazame, mtoto kabisa, hajui bado. Walikuwa wakijua kila jina litakaloitwa na bado walilingojea kwa hamu. Seif alisema walipokuwa wakiitazama mara ya kwanza wao wenyewe walikuwa wamemaliza skuli tu, wanangojea majina yao yatoke popote yatakapotoka. Sauti yake ilikuwa na huzuni ya mzee, na hata miaka thelathini hajafika.

Baba alikuwa hajakaa. Alisimama karibu na mlango, mkono begani mwangu, maana wakati huo nilikuwa nimeshaingia na hapana aliyenifukuza. Yule msimamizi akasoma jina jengine. Kijana mmoja akanyanyuka, mama yake akamtengeneza tai, akamkumbatia, kijana akenda zake, akapotea nyuma ya pazia.

"Wakishaitwa," Baba aliuliza, "hurudi kwao?"

Khalfan akacheka. "Warudi wapi, ami! Washakwenda hao."

Mkono ulitoka begani mwangu. Nilipogeuka, Baba hayupo. Nilidhani ameghadhibika, kwamba ameona mwanawe mzima anapoteza umri kwa upuuzi. Mzee Mbarak naye nilimwona amebadilika uso. Aliwaambia vijana kwa upole, "Zimeni, wanangu," akanishika mkono tukatoka. Baba alikuwa garini, mikono miwili juu ya usukani, na gari haijawashwa. Mzee Mbarak akakaa pembeni yake. Baada ya muda akasema, "Nasor?" Baba akaitikia kwa kichwa. Mzee Mbarak akasema, "Na mie nna wangu." Baba akawasha gari. Vitunguu hatukununua.

Nasor nilimjua kwa picha tu, ami yangu, kaka yake Baba, aliyekufa Unguja, kijana aliyevaa shati jeupe. Hapo garini sikufahamu kwa nini ametajwa. Nilijua jambo moja tu, kwamba posa ya Seif imevunjika, na usiku huo nililala nimelowa machozi.

Haikuvunjika. Siku chache baadaye Mzee Mbarak alileta jawabu, naam. Mimi nilishuku mtego, nikaendelea kushuku mpaka nilipomwona Zuwena kwetu anakaanga mayai. Baba aliweka sharti moja tu: darsa yao ihamie nyumbani kwetu. Seif akanunua mashine inayokubali kanda za Kimarekani, na Alkhamis ya kwanza Bibi alitaka kuiona hiyo darsa yenyewe aliyoitangaza mji mzima. Tulijua atatuchamba. Aliketi kwenye kiti, buibui lake magotini, akaikazia macho televisheni. Jina likasomwa. Kijana akanyanyuka. Mama yake akamtengeneza tai.

"Mshike, mama!" Bibi akapiga ukelele. "Mshike! Usimwachie!"

Tulicheka mpaka machozi. Seif alijipigiza kwenye mito, Khalfan akatoka nje kwa kucheka, na mimi nilizunguka nyumba nzima nikiiga sauti yake. Mwangalieni Bibi, kashakuwa mshabiki! Baba hakucheka. Alimwinua mama yake taratibu, akampeleka chumbani, na nikamshuku kwamba anamwonea haya.

Baba alinieleza mwenyewe, nimeshakuwa mtu mzima, Bibi hayuko tena duniani. Alijikohoza kwanza. Akasema ilikuwa Unguja, baada ya mapinduzi, na yeye alikuwa na umri niliokuwa nao mimi siku ya vitunguu. Walikuwa wakila mchana. Wakaja watu, mmoja akasoma jina, na Nasor akanyanyuka kutoka kwenye chakula. Walisema wana maswali mawili matatu tu, atarudi sasa hivi. Bibi akamnawisha mkono, akamtengeneza ukosi wa shati ili asionekane ovyo mbele ya watu, akamwachia aende. Mzee Mbarak naye alikuwa na kaka yake, aliyeitwa vivyo hivyo asirudi.

Seif na wenzake bado wanakutana, wana matumbo na mvi sasa, bado wanabishana nani alistahiki kuitwa mwanzo. Zamani nikiwaona wapumbavu, kungojea majina wanayoyajua. Sasa nawafahamu. Kila anayeitwa mle, anakwenda kwenye kheri, na mama yake anajua aliko. Ningekuwa na kanda kama hiyo mimi, ningeichakaza.

Lakini kinachonichoma ni kicheko chetu. Bibi hakuwa akimwambia mama wa Kimarekani. Alikuwa akijiambia mwenyewe, na umri wote ule umeshapita, na siaidii wake, niliyekuwa nikishuku kila kitu, nilikuwa nimekaa miguuni pake nikimcheka.