Sponji Iliyoanikwa Kambani

Mume wangu alikuwa fundi vioo mtaa wa Gatsata. Kabla hajafariki alitengeneza tangi kubwa la kioo, akaliweka sebuleni kwetu, mtaa wa Biryogo, kwa ajili ya samaki wake mmoja. Samaki huyo alinunuliwa mdogo kama kidole, akakua hadi kufikia urefu wa mkono kutoka kiwiko, akawala wenzake wote. Sikumpenda. Na mume wangu hakuniachia wasia wowote juu yake.

Tangi la zamani lilikuwa limepasuka, kwa hiyo samaki alikaa kwenye pipa uani, akisubiri maji mapya yaive. Ndivyo mume wangu alivyosema: yaive. Maji ya bomba yana dawa, lazima itoke kwanza. Halafu samaki mkubwa wa kula nyama huchafua sana, na uchafu wake humuua mwenyewe kama hakuna vijidudu vya kuumaliza. Vijidudu hivyo hukaa kwenye sponji ya pampu. Akaichukua sponji nyeusi ya tangi la zamani akaitia kwenye jipya. Wiki hiyohiyo presha ikamwangusha, hakuamka.

Wanawake wakaja msibani, wakapika, wakasugua nyumba nzima. Siku moja nikaiona sponji kwenye kamba ya nguo, kijivu, inanukia sabuni ya unga. Tangi nalo lilikuwa tupu, linang'aa. Aliyeifua ni wifi yangu, dada yake marehemu. Alitaka kumfanyia kaka yake usafi.

Nikaanza upya. Nilikuwa kwenye eda, sitoki, kwa hiyo nafasi nilikuwa nayo. Nilisuuza tangi mpaka povu likaisha, nikajaza maji, nikayaacha yatulie, kila asubuhi nikatupia punje za chakula zioze, vijidudu vipate cha kula. Kisha napima maji kwa matone ya dawa kwenye kichupa: yakibaki njano ni salama, yakigeuka kijani yana sumu. Kijani. Kesho yake kijani. Uani nilibadilisha maji ya pipa kwa ndoo, mgongo unaniuma, na samaki yuko juu anahema, mapezi yameanza kuchanika. Kuna siku nilitamani afe nipumzike.

Mwishowe nilimweleza wifi habari ya vijidudu, bila kumtazama. Akavaa mtandio, akaenda kwa yule mtu aliyemuuzia kaka yake samaki, kumwomba sponji chafu. Akarudi amekumbatia mfuko wa maji meusi.

"Wifi, mwenye pikipiki ameniuliza nanuka nini," akasema. "Nimemwambia ni mboga."

Tukaitia sponji hiyo kwenye pampu, na baada ya siku kadhaa kichupa kikabaki njano. Tukambeba samaki kwa ndoo, mimi upande huu, yeye ule. Samaki akazama, akalala chini ya pampu, hasogei. Tukakaa mkekani tukimtazama.

"Lile shati la kaka la kazini," wifi akasema, "lililokuwa nyuma ya mlango. Nalo nililifua siku ile."

"Najua."

Nilikuwa nimelinusa kabatini. Sabuni tu.

Akalia kidogo, akajifuta kwa mtandio. Karibu na magharibi samaki akapanda, akanyakua kipande cha nyama, akarudi chini.

Nikamwambia wifi kwamba sponji ikijaa uchafu, hukamuliwa kwenye maji ya tangi lenyewe, si ya bomba.

"Mimi siigusi tena," akasema.

"Utaigusa," nikamwambia. "Mgongo wangu umechoka."