Siku ampli ya papa iliposema

Aibu niliyoipata kwenye matanga ya baba yangu inanifanya mpaka leo nipite njia za nyuma hapa mtaani Murara, na nyinyi mkitaka kucheka chekeni, mimi nimeshindwa.

Papa, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa na ampli ya zamani ya kukuza sauti, ya lampe (zile taa za kioo zinazowaka ndani kama makaa), watt thelathini tu, na kila siku alibishana na shemeji yangu Safari mwenye ampli mpya ya transista, watt mia. Papa alisema watt ni za kwenye karatasi, masikio yana hesabu yao, lampe ukiifungua mpaka mwisho sauti inanenepa, transista inakwaruza. Hakuna aliyemwamini, mimi wa kwanza. Alipokufa, mama, ambaye masikio yake yamechoka, aliniomba jambo moja: "Useme neno ya mwisho kwa ampli yake, na mimi nisikie."

Asubuhi niliiwasha, halafu nikaizima ili petroli ya jenereta isiishe (mwenye akili, eti!). Jeneza likaletwa uani, watu wakanyamaza, nikawasha tena, nikasema "alo", kimya, nikazungusha kitufe mpaka mwisho, kimya vilevile. Mimi nimezoea transista inayosema papo hapo, nikasahau kwamba papa alikuwa akiiwasha kabla wageni hawajafika, kwa sababu lampe lazima zipate moto kwanza. Safari akaguna. Nikamgeukia na mikro, kile kipaza sauti, mkononi, nikanong'ona:

"Hii kitu ilishakufa. Muzee alikuwa anatudanganya tu."

Lampe zikapata moto katikati ya maneno yangu. "Muzee alikuwa anatudanganya tu" ikatoka juu ya jeneza lake, nene, safi, bila kukwaruza hata kidogo, mpaka wapita njia barabarani wakasimama. Padri akashusha kitabu. Shangazi akapiga kelele, "Yesu Maria, mutoto gani huyu!"

Neno lenyewe la kumuaga nililisoma mpaka mwisho, lakini mama alikuwa ameshajifunika kitenge usoni, hasikilizi tena. Jioni nilimpigia magoti. Akanishika kichwa.

"Leo nilisikia neno yako moja tu, mutoto wangu," akasema. "Na ampli yake, ile haikudanganya."

Tangu hapo mikro siishiki, hata kwenye harusi. Jumapili naiwasha ile ampli, nakaa nayo mpaka ipate moto vizuri, halafu naizima.