Pua ya Siasi

Kijijini kwetu, kaskazini ya mbali kwenye mlango wa bahari wa Hudson, pua ya Siasi ilikuwa mali ya umma. Mtu akifukua nyama ya sili, mnyama wa baharini, aliyoivundika ardhini tangu kiangazi, haitii kinywani kabla ya kumpelekea Siasi ainuse. Akisema "nzuri," watu wanakula. Akinyamaza, hata mbwa hawapewi. Hakuna aliyemlipa kwa hilo. Kazi yake ya mshahara ilikuwa kupika shuleni, miaka ishirini na minane ya wali na supu za makopo ambazo mwenyewe hakuzipenda hata kidogo.

Pua hiyo aliirithi kwa mama yake, Alasuaq, aliyemzaa hemani na kumfundisha kushuka chini ya barafu. Kazi hiyo haina mchezo. Unangoja bamvua za majira ya baridi, maji yanapokupwa mno na barafu ya pwani kubaki imening'inia juu ya mawe kama dari. Unatoboa kwa mtaimbo, unashuka, unachuma kome kwa nusu saa, unatoka kabla maji hayajajaa. Alasuaq alikuwa na amri moja tu: kome wa kwanza mfungue, mnuse, mle mbichi, ndipo ujaze ndoo. Asiyenusa hachumi.

Miaka mitatu iliyopita mafua makali yalipita kijijini. Siasi alilala siku tisa, akaamka mzima, isipokuwa pua. Kahawa ikawa maji ya moto. Alingoja harufu zirudi, hazikurudi, naye hakumwambia mtu. Aliona aibu, ndiyo, lakini zaidi aliogopa. Bila pua ile angekuwa bibi kama mabibi wengine, anayekaa dirishani kungoja wa kumtembelea. Basi akajifunza ujanja. Nyama ikiletwa, anainama, anafumba jicho moja, na kwa lile jingine anauchungulia uso wa aliyeileta. Mwenye nyama mbovu huwa ameshakunja uso zamani. Ujanja ukamfaa, na bahati ikamfichia mengine.

Mwezi wa kumi uliopita meli ya mizigo, ile iletayo unga na matairi, ikajipasua kwenye mwamba mdomoni mwa ghuba. Mafuta yake mazito, meusi kama lami, yalivuja siku mbili. Maofisa wakaja kwa helikopta, wakapangusa mawe, wakatia kome kwenye vichupa. Mmoja wao akasema redioni kwamba kwenye maji ya baridi mafuta hayana haraka ya kuondoka, na kome huchuja maji usiku na mchana, kwa hiyo watu wangoje majibu ya maabara. Majibu yatakuja karibuni. Krismasi ikapita, mwezi wa kwanza ukapita. Karibuni ya watu wa kusini ni ndefu, nasi tumeizoea.

Mwezi wa pili mama yake akampigia simu.

Mama huyo alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, karani wa duka, mja mzito wa miezi saba. Alizaliwa mwaka aliofariki Alasuaq mzee, akapewa jina lake, na kwetu mwenye jina ndiye mwenyewe. Tangu yumo kwenye mbeleko Siasi alimwita Mama, na Mama alipojua kusema alimwita Siasi mwanangu. Hakuna aliyecheka.

"Mwanangu," akasema, "nina hamu ya kome mpaka naota."

"Si walisema tungoje, Mama?"

"Walisema. Kwani wewe huna pua? Nenda ukanuse."

Angekuwa mtu mwingine, Siasi angemtafutia kisingizio. Mama hakataliwi.

Bamvua ilipofika akaenda na Tamusi, mtoto wa mjomba wake, binamu na mtani wake tangu utotoni. Tamusi alishika kamba juu ya tundu.

"Pua Ndefu, ukizama jiko lako narithi mimi."

"Rithi, na masufuria machafu uyaoshe."

Chini, kwenye mwanga wa tochi ya kichwani, kidimbwi kimoja kati ya mawe kilikuwa na utando mwembamba wenye rangi rangi. Siasi aliutazama. Akasema moyoni ni tochi. Akamfungua kome wa kwanza, akamnusa, akamla. Hakusikia kitu. Barafu ikalia juu ya kichwa chake, maji yakaanza kurudi, na mikono yake ikachuma kwa pupa, ndoo ya kwanza, ndoo ya pili.

Saa nne asubuhi alikuwa kwenye simu na redio ya kijiji: kome wapo kwangu, wasafi, njooni na mabakuli. Bakuli la kwanza, lililojaa mpaka juu, alilipeleka mwenyewe kwa Mama. Kabla ya adhuhuri ndoo moja ilikuwa tupu. Ndipo sauti ya Tamusi ikatoka redioni.

"Namshukuru mtani wangu kwa kome. Wananuka pikipiki ya theluji. Nadhani kawachemshia kwenye tangi."

Jaaka, mtangazaji, alicheka mpaka akakohoa. Kijiji kizima kilicheka, kwa maana maneno ya mtani nani huyatilia maanani? Siasi peke yake hakuweza. Alitoka jikoni akaenda dirishani, akarudi jikoni. Akatwaa gamba, akalipandisha puani. Akalitupa, akatwaa lingine. Mwishowe akatoka barazani, akachukua mkebe wa mafuta ya taa, akaufungua, akaukumbatia na kuvuta pumzi mpaka macho yakatoka machozi. Kwake mkebe na kome vilikuwa kitu kimoja: hewa tupu. Tamusi alipofika mlangoni, alikuwa angali ameukumbatia.

"Siasi," akasema.

Kwa miaka sitini alimwita Pua Ndefu, Mkia wa Sili, Mchumba Wangu. Jina lake hakuwahi kulitaja hata msibani. Siasi akauweka mkebe chini.

"Nilisema kwa mzaha kwa sababu sijui kukwambia vingine," akasema Tamusi. "Wananuka kweli. Nimewamwaga."

Siasi akapiga simu redioni, akakosea nambari, akapiga tena.

"Hapa Siasi. Kome msiwale, mwageni. Tamusi hakutania." Jaaka akaanza kucheka, akaacha. "Mimi sinusi. Sinusi tangu yale mafua. Nyama zote mlizoniletea, nilikuwa natazama nyuso zenu tu."

Jaaka akaweka muziki wa kinanda. Siasi alikuwa ameshatoka, mikono mitupu bila glavu, anakata njia nyuma ya duka, anateleza, anainuka, anajitukana kwa sauti.

Alimkuta Mama mezani, redio imewashwa mbele yake, na bakuli limebaki magamba.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Nilikuwa nimeshamaliza." Sauti yake ilikuwa tulivu kuliko uso wake. "Nimempigia muuguzi. Anasema ninywe maji, niende kesho, majibu ya maabara hayajafika. Hajui. Amesema wazi kwamba hajui."

"Mtoto?"

"Anacheza. Asubuhi pia alikuwa anacheza."

Siasi hakuweza kukaa wala kusimama. Alilichukua bakuli, akaliweka, akalichukua tena.

"Mama, na wewe hukusikia harufu?"

"Nilisikia tangu kome wa kwanza. Nikafikiri ni mimba, siku hizi hata mkate unaninukia mafuta." Akamtwalia bakuli mikononi. "Nikasema, nile tu, mwanangu keshanusa."