Mikaratusi Juu ya Chemchemi

Uvumilivu wangu uliisha pale kaka yangu aliponiletea kigoda, kwenye shamba langu mwenyewe, akasema, "Karibu, mugeni wetu."

Nilikuwa na mtoto mgongoni, na mkubwa nimemshika mkono. Tulikuwa tumepanda mlima kwa miguu kuanzia pale gari lilipotuacha, maana dereva aliogopa mafuta yasimwishie huko. Sikukaa. Nilishika mkaratusi mchanga uliokuwa karibu nikaung'oa. Nikashika wa pili, ukakataa, nikaupiga teke mpaka kandambili ikakatika. Mke wa kaka akacheka, mdomo ameuziba kwa kitenge.

"We dada, acha. Hiyo miti iko na mwenyewe."

"Mwenyewe ni mi!"

"Apana. We uko na bwana. Mwanamuke akisha kuolewa, kwao ni kule kwenye anapika."

Kule kwenye napika ni Kamenge, mtaa wa mjini, ambako bomba linakohoa hewa wiki nzima na madumu ya njano yanapanga foleni ndefu kuliko ya watu. Mume wangu ni fundi wa magari, mtoto wa Buyenzi, Mwislamu wa watu waliozaliwa mjini na kuzikwa mjini. Mrundi mwingine ukimuuliza kwao wapi, anakutajia mlima. Huyu anakutajia avenyu. Mafuta yalipokosekana, magari yakalala, na fundi naye akalala. Siku moja tulikunywa uji wa asubuhi jioni, nikamwambia: tuondoke, tukaishi mahali ambapo chakula kinatoka ardhini, si dukani.

"Mlima wa kwetu ni Buyenzi," akasema, "na hauoti hata bilinganya."

Tulijaribu Ruziba kwanza, kando ya ziwa. Rafiki yake alikuwa na kiwanja cha kutuazima, lakini ziwa lilikuwa limeshaingia mpaka kwenye kizingiti cha nyumba yake. Ikabaki kwetu, kwa baba yangu.

Nilikuwa na haki ya kufikiria hivyo. Nilipoolewa, baba alinipa igiseke. Ndivyo tunavyokiita kipande cha shamba ambacho mzazi humpa binti aliyeolewa, alime, ale, watoto wake wale. Binti akifa kinarudi kwa ndugu zake wa kiume. Kidogo, ndiyo, lakini mpaka wake ulipandwa minyaa mbele ya majirani, na pombe ya ndizi ikanywewa. Baba alikufa akijua nina pa kukimbilia.

Sikwenda kichwakichwa. Nilikwenda kukipima, na nilikwenda kiangazi makusudi, maana masika kila mlima una maji na kila mjinga anaweza kuusifu. Chemchemi chini ya shamba ilikuwa inatoka, nyembamba kama kidole, lakini inatoka. Nilichimba: udongo mweusi mpaka jembe likazama lote. Mateke, yaani magimbi, yalikuwa yanaota yenyewe kwenye unyevu. Kituo cha afya kilikuwa mbali, nikajiambia mtoto mwenye homa nitambeba. Kuni zilikuwa shida. Chumvi na sabuni tungenunua, hakuna mlima unaozaa chumvi. Nikarudi Kamenge nikiwa nimeshajenga nyumba kichwani, mpaka mahali pa kufunga mbuzi.

Tukaanza kutafuta mabati, moja moja. Mafundi wanajua kusubiri. Katikati ya kusubiri huko nilipanda maharagwe kila msimu, na mke wa kaka akanichungia. Ujinga wangu ulikuwa hapo. Mimi nimesoma sekondari, nimefundishwa mzunguko wa maji na mchoro wake nikauchora, lakini nilisahau kitu ambacho kila mtoto wa mlimani anakijua: maharagwe yanaazima ardhi, mti ndio unaoimiliki. Anayevuna na kuondoka hana alama. Aliyepanda mti ameweka ulimi wake pale, unasema hata akiwa amelala.

Kaka alijua. Alianza juu ya chemchemi, nje ya minyaa yangu, nami nilipokuja kupanda nikaona ni kuni tu; siku ile ya kigoda mikaratusi ya mwanzo ilikuwa imeshanipita urefu. Halafu akashuka na michanga mpaka kwenye minyaa yangu, akaikata.

Niliposhuka chemchemini siku ile, mguu mmoja peku, nilikuta tope lililopasuka. Mama mmoja jirani alikuwa anakwangua na kibuyu.

"Miti imekunywa yote," akaniambia. "Sasa tunateka bondeni."

"Mbona hamsemi?"

"Tuseme sisi ni nani, mwanangu? Miti ni ya mwanaume. Kuteka maji ndiyo yetu."

Nilikwenda kwa washingantahe, wale wakubwa wanaokata kesi za mlima. Nilipeleka pombe, kama inavyotakiwa. Wakanywa kwanza.

"Kaka yako amepanda miti," akasema mmoja. "We umepanda nini?"

"Maharagwe."

Wakatazamana. Kesi yangu ikafia pale pale.

"Na bwana yako wa mujini, anajua kushika jembe?"

"Anajua spana."

"Basi alime gereji!"

Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Kaka alicheka pia, kisha akanisindikiza mpaka njiani kwa adabu zote, na mkungu wa ndizi kichwani mwa mkewe. Mgeni haondoki mikono mitupu. Nilizipokea zile ndizi kwa sababu watoto walikuwa na njaa, na zilinichoma mikononi.

Mume wangu aliponiona narudi akampokea mtoto. Yale mabati ameyaegemeza ukutani. Mvua ikinyesha tunayaweka pale panapovuja.

Kilichobaki kilikuwa komini, ofisi ya serikali. Karani alinisikiliza, akashusha kalamu. "Mama, andika maji. Maji ni ya wote, labda watakusikia. Ardhi usiandike, utashindwa." Najua alinitakia mema. Najua pia maji yakirudi, yatarudi kwenye shamba la kaka yangu, na sisi tutabaki na bomba linalokohoa. Niliandika vyote viwili, nikapigiwa muhuri, nikaiacha barua pale. Sijaitwa mpaka leo. Niliandika hivi:

"Mimi ni binti wa mlima huu, nimeolewa, nina watoto wawili. Namlalamikia kaka yangu wa tumbo moja. Amekata minyaa ya mpaka ambayo baba yetu aliipanda mbele ya watu, na hao watu wako hai, waitwe. Amepanda mikaratusi juu ya chemchemi, maji yamekauka, wanawake wa mlima wote wanateka bondeni. Naomba miti ing'olewe. Naomba igiseke changu. Nimeambiwa nisiombe ardhi, naiomba. Baba hakunipa ruhusa ya kutembea kama mgeni. Alinipa shamba."