Kikombe cha Rubani

Asubuhi ile nilikuwa naanika mihogo juu ya mwamba nyuma ya nyumba, na mama alikuwa ananigombeza kwa sababu nimeitandaza ovyo. Mama hakuwahi kuridhika na mihogo ya mtu. Nilikuwa na mimba ya miezi minne na nilikuwa najidekeza, hilo nakubali. Mume wangu, Safari, alikuwa zamu ya ulinzi barabarani pamoja na vijana wengine wa kijiji. Redio ilisema vita imekaribia, lakini redio ilikuwa inasema hivyo tangu mwaka uliotangulia.

Kijiji chetu kilikuwa mlimani, huko Kivu, na tumboni mwa mlima kulikuwa na koltan, yale mawe meusi ambayo watu wa mbali waliyataka kwa ajili ya simu zao. Tuliyachimba kwa sululu, na kila mwenye bunduki aliutamani mlima ule. Barabara ya kupanda ilikuwa moja, na hiyo ndiyo Safari na wenzake waliyoilinda. Kulikuwa na njia ya pili, ya panya, iliyopita katikati ya mianzi na kutokea kisimani. Waliitumia waliotorosha mawe. Kaka yangu Deo ndiye aliyeifyeka.

Deo alikuwa mnunuzi wa koltan, mkubwa wangu kwa miaka sita. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyenibeba mgongoni kwenda mazikoni. Jioni ile alikuja kutoka mjini, akala ugali wa mama, akamtania Safari kwamba rungu lake lingefaa zaidi kutwangia sombe, majani ya mihogo. Tulicheka sana. Kandambili yake ya kushoto ilikuwa imekatika, nikaishona kwa kipande cha waya huku anakula. Alipoondoka alinivuta pembeni.

"Kesho uende ku mto, ufule manguo yote," aliniambia. "Usirudiye mbiyo."

"Juu ya nini, yaya?" Yaya ndivyo kwetu tunavyomwita kaka mkubwa.

"Uende tu. Unisikiye."

Nilikwenda. Kwetu mdogo akitumwa na mkubwa wake haulizi mara mbili. Tena nilifurahi kukwepa mdomo wa mama.

Nilikuwa nakamua shuka la pili niliposikia bunduki.

Hazikutoka barabarani. Zilitoka upande wa kisima.

Nilijilaza kwenye matete. Maji yalinifika kifuani.

Bunduki zililia, zikanyamaza, zikalia tena. Kisha nikaona moshi.

Siku ya pili nilipanda na wachache tuliosalia, tukazika. Safari na wenzake walikuwa wameanguka kifudifudi, wakiielekea barabara waliyokuwa wanailinda. Wote walipigwa mgongoni. Mama tulimkuta mlangoni. Mihogo ilikuwa bado juu ya mwamba, imekauka vizuri kabisa.

Nilikwenda kisimani kuchota maji ya kumwoshea mama. Tope lilikuwa limejaa alama za mabuti, na mbele ya mabuti, kama mtu anayewaonyesha wageni nyumba, zilikuwapo alama za kandambili. Ya kushoto ilikuwa na mstari mwembamba wa waya.

Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo niliijua tangu utotoni, na siku zote nilidhani ni maneno ya wazee kuhusu chawa.

Binti yangu Neema alizaliwa kambini, Uganda. Alipotimiza miaka miwili tulifika London, tukapewa nyumba Peckham, nami nikapata kazi ya kutunza wazee majumbani. Kuhusu mlima sikumwambia mtu. Kanisani walipouliza, nilisema "vita", nao wakatikisa vichwa. Neno hilo linafunika mengi.

Mmoja wa wazee wangu alikuwa Mzee Lam, mtu wa Hong Kong, aliyeishi peke yake ghorofa ya nne, mwendo wa basi moja kutoka kwangu. Nilimwogesha na kumpikia wali, naye aliukosoa kila siku kama mama na mihogo yake. Kiingereza chake na changu vyote vilikuwa vya kuungaunga, kwa hiyo tulielewana bila shida.

Mwanzo wa Aprili Wachina husafisha makaburi ya wazee wao. Makaburi ya akina Lam yalikuwa ng'ambo ya dunia, basi yeye aliwakumbuka mezani. Aliniomba nipange vikombe saba vidogo, kila kimoja cha marehemu mmoja, nivijaze chai. Nilijaza sita. Nilipofika cha saba, alikifunika kwa kiganja.

"Hicho hakijazwi," alisema.

Niliuliza kwa nini.

"Zamani Waingereza walikuwa wanatoa afyuni India, wanawauzia watu wetu. Watu walivuta mpaka wakauza milango ya nyumba zao. Mfalme wetu akapiga marufuku. Ofisa wake akaikamata shehena nzima, akaiharibu. Waingereza wakaleta manowari, wakasema tumewaharibia biashara." Alicheka bila furaha. "Biashara!"

Akaniambia kwamba mtoni kulikuwa na ngome, na mizinga yake ilisimikwa kutazama upande mmoja tu, mahali meli zilipozoea kupita. Nyuma kulikuwa na mkondo mwembamba, wa kupita kwa kuvizia maji yajae. Wageni wasingeujua. Aliyewapitisha alikuwa rubani, mwongoza meli wa pale pale, babu wa babu yake Mzee Lam.

"Askari wetu walikufa wakitazama kule mizinga ilikoelekea," alisema.

Sufuria ya wali ilikuwa inachemka, nikaiacha imwagike.

"Walimpa nini?"

"Afyuni. Alikuwa mvutaji. Tena wakamhamishia mke na watoto Hong Kong, chini ya bendera yao. Kijiji kiliungua, sisi tukabaki hai. Mimi nimezaliwa kwa sababu ya mtu huyo. Siwezi kumnyima kikombe. Kumjazia, hapana. Baba yangu hakumjazia, wala babu yangu."

Hapo ndipo niliposimulia, mara ya kwanza tangu kisimani. Nilimwambia habari za waya, za mto, za shuka la pili. Nililia kwa hasira, sikulia kwa huzuni. Nilimchukia Deo kwa kuwaua, nikamchukia zaidi kwa kuniacha hai, maana kila pumzi yangu ilikuwa zawadi yake. Mzee Lam hakunibembeleza. Aliuliza tu kama kaka yangu ni hai. Nikasema sijui.

Deo alikuwa hai. Mzee Lam alifariki majira ya baridi, na baada ya miezi michache simu yangu ililia. Alikuwa Hounslow, upande mwingine wa London, anafanya kazi uwanja wa ndege. Watu wa kanisa ndio waliompa namba yangu. Alitaka kuja Jumapili. Neema, aliyekuwa anakaribia miaka saba, alikuwa amesikia kwamba ana mjomba.

"Mum, I've got an uncle? A real one?"

Maisha yake yote alikuwa na mimi tu. Nilishindwa kumnyima, nikasema aje.

Alikuja na viatu vya ngozi na mfuko wa machungwa. Kichwa kilikuwa kimeota mvi. Neema alimrukia, naye akamwinua juu kama alivyokuwa akiniinua mimi. Nilitamani kumchukia wakati huo na sikuweza, na hilo pia liliniuma.

Walikaa mezani. Niliweka vikombe vitatu. Nilijaza cha Neema, nikajaza changu, kisha nikaifunga chupa ya chai na kuiweka chini karibu na mguu wangu. Kwetu hata mdai wako akiingia ndani unampa cha kunywa. Deo alikitazama kikombe chake muda mrefu.

"Dada," alisema polepole, "mimi nilikuokowa."

"Najua. Ni juu ya ile umewekewa kikombe."

"Benye bunduki balisema batachukuwa mawe tu. Baliniapia."

"Safari alipigwa mu mugongo, Deo. Na mama aliangukia ku mulango."

Neema aliinama kuifikia chupa ya chai amimine, kwa adabu niliyomfundisha mwenyewe. Nilimshika mkono.

Deo aliinuka, akavaa koti, akasimama mlangoni kama anayengoja kuitwa. Sikumwita. Nilisikiliza viatu vyake vikishuka ngazi mpaka chini. Nilikuwa nimemzika mama, nimemzika Safari. Huyu nilimpoteza akiwa hai, na hakuna mtu wa kanisani atakayekuja kunipa pole.

Vikombe viwili niliviosha. Cha tatu nilikirudisha kabatini pamoja na vingine. Neema alikuwa bado amekaa, chungwa mkononi, hajalimenya.

"Mum," alisema, "what did he do?"

Nilivuta kiti nikakaa mbele yake, nikaanza na mihogo.